Mwajiri akisema "punguzeni mshahara au watu waondoke", chama kinapigia kura kitu gani hasa?

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani kwa miaka saba, na katika miaka yote hiyo hakuna kikao kilichoninyima usingizi kama kile tulichokaa baada ya menejimenti kutuletea barua ya ukurasa mmoja, Ijumaa alasiri, watu wakiwa wanabadilishana zamu. Barua ilieleza kwamba mauzo yameshuka, benki imekataa kuongeza mkopo, na kwa hiyo ama wafanyakazi wote wakubali kupunguziwa asilimia 15 ya mshahara, ama mmoja kati ya kila watano apunguzwe kazini. Tulipewa siku kumi kujibu.

Tulikutana ghalani. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya kelele, wengine wakisema heri nusu shari kuliko shari kamili, wengine wakisema mshahara ukishashuka haupandi tena. Kisha dada mmoja wa kitengo cha ufungashaji, ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja na nusu kazini, alinyoosha mkono akauliza kwa sauti ya chini: "Nikikubali leo mshahara upungue, halafu baada ya miezi sita mkanipunguza mimi mwenyewe, kiinua mgongo changu kitapigwa kwa mshahara upi?" Mwenyekiti alinitazama, nami nikamtazama mwanasheria wa chama, naye akaanza kufunua karatasi ambazo sote tulijua hazina jibu.

Swali hilo ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu. Barua za namna ile hutuwekea mezani mambo mawili kana kwamba duniani hakuna la tatu, nasi tunaingia katika mtego wa kubishania asilimia: kumi na tano ni nyingi, kumi je, nane je? Kwa uzoefu wangu, asilimia ndiyo sehemu ndogo ya jambo hili. Sehemu kubwa ni masharti yanayoizunguka: makato yanaisha tarehe gani, mwajiri naye anajifunga kwa lipi, na je, tumeziona hesabu au tumesimuliwa tu. Makato yasiyo na tarehe ya mwisho na yasiyo na ahadi ya upande wa pili ni zawadi, na mfanyakazi hana uwezo wa kumpa mwajiri wake zawadi.

Niseme kwanza jambo ambalo vyama vyetu havipendi kulisema mbele ya wanachama. Mahali ambapo mkataba wa hali bora, yaani mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, unafuata kanuni ya "wa mwisho kuingia, wa kwanza kutoka", chaguo hili haliwapati wanachama wote kwa uzito mmoja. Fundi wetu mmoja wa mashine alikuwa na miaka 19 kazini. Alijua fika kwamba hata akiondolewa mmoja kati ya watano, yeye hayumo. Kwake makato yalikuwa hasara ya hakika, na upunguzaji wa kazi ulikuwa hasara ya mtu mwingine. Kwa yule dada wa ufungashaji mambo yalikuwa kinyume kabisa. Kwa hiyo, kama wakongwe ndio wengi katika tawi, kura inaweza kupigwa kwa siri, kwa haki, kwa kufuata katiba ya chama neno kwa neno, na matokeo yake yakawa kwamba wengi wamewatoa kafara wachache.

Lakini nisimtendee fundi yule isivyo haki, maana baada ya kikao alinivuta pembeni akanionyesha hati yake ya mshahara, iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kuchanika. Nyuma yake alikuwa amepiga hesabu kwa penseli. Mkopo wake ulikuwa unakatwa moja kwa moja kwenye mshahara, na kiwango cha makato hayo kisingepungua kwa sababu tu mshahara umepungua. Vilevile pensheni yake ilikuwa inakokotolewa kwa wastani wa mshahara wa miaka ya mwisho, ikimaanisha kwamba makato ya muda mfupi karibu na kustaafu yangemfuata mpaka kaburini. Mtu wa aina hiyo hapingi makato kwa ubinafsi. Anapinga kwa sababu kwake "kwa muda" si kwa muda, na chama kilichopaswa kulijua hilo kabla ya kikao kilikuwa hakijui.

Kuhusu hesabu za kampuni, msimamo wangu ni mkali na sitaulegeza: bila vitabu, hakuna kura. Mwaka 1956 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la kampuni ya Truitt, iliamua kwamba mwajiri anayedai kwenye majadiliano kuwa hana uwezo wa kulipa, kisha akakataa kuthibitisha dai hilo, anaweza kuhesabika kuwa hajadiliani kwa nia njema. Chama kilikuwa kimeomba nyongeza ya senti 10 kwa saa, na kampuni ikajibu kwamba haiwezi kuvuka senti 2.5. Hoja ya mahakama ni nyepesi kueleweka katika nchi yoyote: kama dai la umaskini lina uzito wa kutosha kuwekwa mezani, basi lina uzito wa kutosha kukaguliwa.

Na vitabu peke yake havitoshi kama havionyeshi upande wa wakubwa. Aprili 2003 vyama vya wafanyakazi wa shirika la ndege la American Airlines vilikubali makato makubwa, yakiwa sehemu ya mpango wa kupunguza gharama za wafanyakazi kwa dola bilioni 1.8 kwa mwaka ili shirika lisiingie katika ufilisi. Kura zikiwa zinakamilika, ikajulikana kwamba wakuu wa shirika walikuwa wameandaliwa bonasi za kuwabakiza kazini, pamoja na mfuko wa pensheni yao uliokingwa dhidi ya ufilisi. Mkuu wa shirika, Donald Carty, alijiuzulu mwezi huohuo. Shirika lenyewe liliomba kinga ya ufilisi, yaani ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wakati likijipanga upya, Novemba 2011. Wanachama wale waliuziwa mbuzi kwenye gunia, na chuki iliyobaki ilitokana na kufichwa kuliko makato yenyewe.

Karibuni tujadiliane.

Mhasibu Mstaafu aliandika:

Ndugu katibu, nimekusoma kwa makini na ninakubaliana nawe kuhusu vitabu. Hata hivyo nimekaa upande wa pili wa meza kwa muda mrefu, na ningependa wasomaji wasidhani kwamba kila mwajiri anayelia analia machozi ya mamba. Kampuni hufa kweli. Hostess ya Marekani, watengenezaji wa keki za Twinkies, ilitaka makato ya asilimia 8 katika mwaka wa kwanza. Chama cha madereva kilikubali kwa kura chache, lakini chama cha waokaji kilikataa na kugoma Novemba 2012. Haikupita hata wiki mbili kampuni ikatangaza kufunga kabisa, na takriban watu 18,500 wakapoteza kazi. Je, waokaji wale hawakupaswa kukubali asilimia 8?

Nilimjibu:

Mzee wangu, mfano huo ni wa haki na sitaukwepa. Waliokataa walipoteza kila kitu, na madereva waliokubali walipoteza pamoja nao, jambo ambalo nadhani ndilo chungu zaidi. Lakini tusisome ukurasa wa mwisho tu. Kampuni ile ilikuwa imeingia katika ufilisi mara ya kwanza mwaka 2004 na kutoka mwaka 2009, na katika kipindi hicho wafanyakazi walikuwa tayari wamekubali makato ili kuiokoa. Agosti 2011 kampuni iliacha kuwasilisha michango ya mfuko wa pensheni iliyokuwa katika mkataba. Mtu aliyekwisha kutoa mara moja, akaona alichotoa hakikuleta mageuzi, kisha akaona hata pensheni yake imesitishwa, anapoombwa kutoa tena hapigi hesabu ya asilimia 8. Anajiuliza kama neno la mwajiri lina thamani yoyote. Ninachojifunza hapo ni kwamba makato ya kwanza yasiyo na masharti ndiyo yanayoua uwezekano wa makato ya pili, hata pale yanapohitajika kweli.

Nakubali pia kwamba zipo hali ambapo kukubali ndilo jibu sahihi. Kama vitabu vinaonyesha pengo la kweli, kama pengo lina mwisho unaoonekana, kwa mfano mkopo unaomalizika au mteja anayerudi, na kama mwajiri yuko tayari kujifunga kwa maandishi, mimi nitasimama mbele ya wanachama na kuwaomba wapige kura ya ndiyo. Pale ambapo bidhaa yenyewe haina soko tena, makato huahirisha tu msiba, na ni afadhali nguvu za chama zielekezwe kwenye malipo mazuri ya kuondoka wakati kampuni bado ina fedha za kuyalipa.

Zamu ya Usiku aliandika:

Wakuu, naomba kuuliza. Kwa nini kila mara tunazungumzia mshahara tu na si saa? Sisi tulipunguziwa mshahara mwaka jana lakini saa zikabaki zilezile, na sasa kazi ya watu wawili inafanywa na mmoja.

Nilimjibu:

Umegusa palepale ninapopaamini zaidi, ndugu yangu. Kupunguza kiwango cha mshahara na kupunguza saa za kazi ni vitu viwili tofauti, ingawa fedha inayopungua mfukoni inaweza kuwa ileile. Ukipunguziwa kiwango, thamani ya saa yako moja imeshuka, na mazungumzo yote yajayo yataanzia hapo chini. Ukipunguziwa saa, kiwango chako kimebaki mahali pake, umepata muda wako, na kazi zikirudi mshahara unarudi pamoja nazo bila kuomba.

Mfano ninaourejea mara nyingi ni wa Volkswagen ya Ujerumani mwishoni mwa mwaka 1993, ambapo ajira zipatazo 30,000 zilikuwa hatarini. Kampuni na chama cha wafanyakazi cha IG Metall walikubaliana kupunguza wiki ya kazi kutoka saa 36 hadi 28.8, na kampuni ikaahidi kutomwachisha mtu kazi kwa sababu za kiuchumi kwa miaka miwili. Mapato ya mwaka yalishuka, lakini walifanya jambo la busara sana: bonasi na posho ambazo zamani zililipwa kwa mkupuo zilisambazwa katika miezi yote, hivyo mshahara wa mwezi, ule unaolipa kodi ya nyumba na ada za shule, haukuyumba. Nawaomba makatibu wenzangu wauangalie mpango huo kwa karibu. Watu wengi wanaweza kuvumilia mwaka mwembamba, lakini si mwezi mwembamba. Haukuwa mpango usio na gharama, kwani mwaka 2006 saa zilirudishwa juu bila mshahara kupanda kwa kiasi hicho.

Ujerumani pia ina utaratibu wa serikali kufidia sehemu ya mshahara unaopotea kwa kupunguziwa saa, yaani asilimia 60 ya mshahara wa mkononi uliopotea, au 67 kwa mwenye watoto. Aprili 2020, wakati wa korona, karibu watu milioni 6 walikuwa chini ya utaratibu huo. Najua nchi nyingi hazina mfuko wa namna hiyo. Hata hivyo, Pendekezo namba 166 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1982 linataja wazi hatua za kufikiriwa kabla ya kuwaachisha watu kazi: kusimamisha ajira mpya, kupunguza saa za ziada, kuhamisha watu ndani ya kampuni, kustaafu mapema kwa hiari, na kupunguza saa za kawaida. Mkataba namba 158 wa mwaka huohuo unamtaka mwajiri awape wawakilishi wa wafanyakazi taarifa mapema na kushauriana nao kuhusu namna ya kuepusha au kupunguza athari. Nchi nyingi hazijauridhia mkataba huo, lakini hakuna anayekukataza kuyaweka maneno yake mezani.

Msomaji Mgeni aliandika:

Kwa nini msiwalinde waliopo, kisha wafanyakazi wapya watakaoajiriwa baadaye ndio walipwe kiwango cha chini? Hapo hakuna anayepunguziwa kitu.

Nilimjibu:

Pendekezo hili huja katika kila majadiliano, na hupita kwa urahisi kwa sababu anayeumizwa hayumo chumbani. Mwaka 2007 chama cha wafanyakazi wa magari cha Marekani kilikubaliana na kampuni tatu kubwa kwamba waajiriwa wapya waanzie karibu nusu ya mshahara wa wakongwe. Tokeo lake ni watu wawili wakisimama bega kwa bega, wakifunga boliti zilezile, mmoja akilipwa nusu ya mwenzake. Mwaka 2009, General Motors na Chrysler zilipoingia katika ufilisi, wakapoteza pia nyongeza iliyofuata mfumuko wa bei. Nyongeza hiyo ilirudi mwaka 2023, baada ya mgomo wa takriban wiki sita. Ni miaka 14. Wako waliostaafu pale katikati. Tena kwa chama chenyewe, mfanyakazi mpya anayejua kwamba wakongwe walimuuza kabla hajafika ana sababu gani ya kulipa ada ya uanachama?

Mama wa Kitengo cha Usafi aliandika:

Kaka katibu, mimi sikuhudhuria kikao cha tawi letu na sikupiga kura. Je, chama kinaweza kusaini mshahara wangu upunguzwe bila mimi kusaini?

Nilimjibu:

Dada, katika nchi nyingi mkataba wa pamoja ukisainiwa na chama kinachotambuliwa humfunga kila mfanyakazi aliye ndani ya kundi linalohusika, awe alipiga kura au hakupiga. Tofauti hujitokeza pale mkataba wako binafsi unapokupa kiwango kilicho juu ya mkataba wa pamoja, na hapo mara nyingi saini yako inahitajika. Soma katiba ya chama chako uone kama viongozi wanaruhusiwa kusaini makato bila kura ya wanachama. Kama inawaruhusu, anza kupigania kifungu hicho kibadilishwe sasa hivi, kabla barua haijaja. Na mwajiri akikuletea karatasi ya kusaini peke yako wakati majadiliano na chama yanaendelea, usisaini. Ipeleke kwa mwakilishi wako.

Zamu ya Usiku aliandika:

Katibu, hujatuambia kura yenu iliishaje.

Nilimjibu:

Ni kweli, na nilikuwa naikwepa kidogo. Tuliomba siku kumi ziwe thelathini, tukapewa ishirini na moja. Tuliletewa hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu baada ya kusaini ahadi ya kutunza siri, na mhasibu wa chama akagundua kwamba pengo kubwa lilitokana na mkopo uliobakiza miezi michache kumalizika. Kumbe hakukuwa na sababu ya makato ya kudumu. Tulikubaliana asilimia 9 badala ya 15, saa zikapunguzwa kwa kiwango hichohicho, wa ngazi ya chini kabisa hawakuguswa, na mameneja walikatwa zaidi yetu. Muda ulikuwa miezi kumi, na mshahara ulipaswa kurudi wenyewe siku ya mwisho bila majadiliano mapya. Fundi wa miaka 19 alipata barua kwamba pensheni yake itachangiwa kwa mshahara wa zamani. Na swali la yule dada likawa kifungu cha saba: atakayepunguzwa ndani ya kipindi hicho atalipwa mafao kwa mshahara wa kabla ya makato, na atarejeshewa kila alichokatwa.

Katika mwezi wa nane wa makubaliano hayo kampuni ilipoteza mteja mwingine, ikapunguza watu 14. Dada yule alikuwa mmoja wao. Hatukuweza kumlinda kazini, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Alilipwa kwa kifungu cha saba, siku ileile, na waliobaki walirudishiwa mshahara wao mwezi wa kumi na moja.

Mjumbe Mpya aliandika:

Shikamoo katibu. Sisi barua tumeipata jana, na kikao ni Alhamisi. Mwenyekiti wetu anasema tupige kura hiyohiyo Alhamisi ili tusionekane wakaidi. Tufanye nini?

Nilimjibu:

Marahaba. Msipige kura Alhamisi. Tumieni kikao hicho kuchagua watu watatu wa kukaa na hesabu, mmoja awe mgeni kazini na mmoja awe karibu kustaafu. Usiku huu andikeni barua kwa mwajiri, iwe na tarehe, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Ombeni hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, ratiba ya madeni, orodha ya ajira mpya na saa za ziada kwa miezi sita iliyopita, na malipo ya viongozi wa juu pamoja na bonasi zao. Ulizeni kwa maandishi ni kiasi gani cha fedha kinahitajika na mpaka mwezi gani, kwa sababu mwajiri asiyeweza kutaja kiasi wala mwezi hajafanya hesabu bado. Kisha pita kitengo kwa kitengo uwaulize watu wana mikopo gani na wamebakiza miaka mingapi, ili usije ukaulizwa swali kama nililoulizwa mimi ukaishia kumtazama mwanasheria. Majibu yakija, yasiyo ya siri yaweke hapa tuyasome pamoja kabla hamjakaa tena.